Begi la Darasa la Nje: Kipi Kibebwe, Kipi Kiachwe Dukani

Sandukuni kuna picha ya mtoto mmoja akimwangalia kipepeo mmoja, na kasoro inaanzia hapo. Vifurushi vya uchunguzi wa nje vinavyouzwa kwa ajili ya shule za msingi vingi vimeundwa kwa mtoto aliye nyumbani na mzazi wake, si kwa darasa la watoto 36, mwalimu mmoja na kipindi cha dakika 40. Ukifungua utakuta lenzi moja, vichupa viwili, kibano, dira, filimbi na darubini ya plastiki. Watoto 35 watasubiri zamu, na wa kumi akishachoka kungoja, somo limekwisha.

Kwa hiyo hapa vifaa vinaangaliwa kimoja kimoja, nje ya masanduku yake, kwa swali moja: kikiwa mkononi mwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, je, kinamfanya aangalie tena kitu alichokwisha kukiona, au kinampa jibu aondoke? Hesabu ya kununulia ni nyepesi. Watoto 36 wakikaa wannewanne ni vikundi 9, basi nunua 9 vya kila kitu. Lenzi pekee ndizo ziwe 18, moja kwa watoto wawili, kwa sababu lenzi ndiyo inayogombewa kuliko vyote.

Lenzi ya mkono

Anza na uongo ulioandikwa kwenye mpini. Lenzi kubwa ya plastiki yenye upana wa sentimita 7 na maandishi "10x" haikuzi mara 10, wala haiwezi. Lenzi ya kukuza mara 10 hukusanya mwanga umbali wa sentimita 2.5 tu, na kipande kimoja cha plastiki chenye upana huo hakiwezi kuupinda mwanga kiasi hicho. Zipime kabla ya kulipia. Simama ndani ya chumba mkabala na dirisha, shika lenzi mbele ya karatasi nyeupe, isogeze mpaka picha ya dirisha itulie kwenye karatasi, kisha pima kwa rula kutoka lenzi hadi karatasi. Gawanya 25 kwa sentimita ulizopata. Ukipata umbali wa sentimita 10, lenzi yako inakuza mara 2.5, hata mpini useme nini. Jaribio hili lisifanywe kwa kulenga jua: karatasi itaungua, na jicho linaweza kuharibika kabla ya hapo.

Lenzi ya mara 2.5 hadi 3 si mbaya. Kwa watoto wa miaka 6 na 7 ndiyo inayofaa, kwani wataishika mbali na jicho kwa vyovyote vile, na lenzi dhaifu inasamehe. Kuanzia miaka 8 wape ile ndogo ya kukunja, ya mara 10, yenye kifuniko cha chuma. Hapo shida inakuwa ya namna ya kushika. Karibu kila mtoto huinyoosha mkono, akaona ukungu, akasema imeharibika. Mfundishe hivi: lenzi iguse nyusi au shavu, mkono wa lenzi utulie usoni, kisha mkono wa pili ulete jani kuelekea lenzi polepole mpaka lionekane wazi, kiasi cha upana wa kidole gumba na kidogo zaidi. Kitakachosogea ni jani. Kama kitu hakichumiki, kwa mfano gome la mti, kichwa na lenzi visogee pamoja kama kitu kimoja.

Jani lile lile ambalo mtoto amelichora kwa mistari mitatu ya kijani, chini ya lenzi ya mara 10 linaonyesha vinyweleo, mishipa inayounganika kama nyavu, labda na yai la mdudu upande wa chini. Mwambie alichore upya pembeni ya mchoro wa kwanza bila kuufuta. Michoro miwili iliyokaa jirani inaonyesha alichojifunza kuliko maswali kumi ya kujaza nafasi.

Plastiki hukwaruzika kwa sababu moja kubwa: watoto hufuta vumbi kwa shati. Suuza kwa maji kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa laini. Uzi wa lenzi uvaliwe kifundoni mwa mkono, usivaliwe shingoni, maana shingoni hunasa kwenye matawi. Na lenzi isiachwe wazi juu ya nyasi kavu wakati wa jua.

Vichupa, mirija na kitambaa cheupe

Kichupa chenye kifuniko cha lenzi na chini yake miraba ya milimita 5 ni ununuzi mzuri. Miraba hiyo ndiyo thamani yake: mtoto haandiki tena "mdudu mkubwa", anaandika "milimita 14". Hakikisha kifuniko kina matundu na kinafunguka kwa mkono wa mtoto. Sharti la matumizi: mdudu mmoja kwa kichupa, kivulini, dakika 5, kisha arudishwe pale pale alipookotwa. Plastiki ikipigwa na jua hupasha hewa ya ndani haraka sana, na buibui akiwekwa na mchwa hutakuwa na viumbe viwili kwa muda mrefu.

Mrija wa kufyonzea wadudu kwa mdomo tunaukataa. Mwalimu mwenye uzoefu anaweza kuutumia, darasa haliwezi. Watoto hubadilishana mdomo wa mrija kabla hujageuka, na kile kitambaa cha ndani kinachomzuia mdudu asifike kinywani kikichomoka hakuna anayegundua mpaka mtu ateme sisimizi. Badala yake nunua brashi laini za rangi na shuka kuukuu jeupe. Tandaza shuka chini ya kichaka, tikisa tawi mara tatu, halafu watoto wapige magoti kuzunguka shuka na kuwaelekeza wadudu kichupani kwa brashi. Kinaangukacho ni kingi kuliko walichokuwa wameona kwa macho, na hapo ndipo kelele za mshangao hutokea. Kibano kiache dukani. Kinavunja miguu ya wadudu.

Kamba badala ya fremu

Fremu za mraba za plastiki za kuhesabia mimea zinauzwa ghali kuliko zinavyostahili. Kata kamba ya nailoni ya mita 2 na sentimita 20, ifunge iwe duara la mita 2 kamili, weka alama kila sentimita 50 kwa kalamu ya wino usiofutika, kisha ishikilie kwa vigingi vinne. Umepata mraba wenye eneo la robo ya mita ya mraba. Usiweke alama kwa mafundo, kwa kuwa fundo hula kamba na pande zitatofautiana. Kamba ya pamba au katani hufupika ikilowa, na mraba wa asubuhi yenye umande hautalingana na wa mchana.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kurusha mraba ovyo na kuliita jambo hilo bahati nasibu. Mtoto hurusha kwenye maua. Si bahati nasibu hiyo, na fremu ngumu ikimpata mwenzake usoni ni safari ya zahanati. Tandaza tepu mbili za kupimia kwenye pembe ya uwanja, andika namba kwenye vikaratasi, chota viwili kofiani: kimoja hatua za kwenda mbele, kingine za kwenda pembeni. La pili ni mmea ulioota nje lakini majani yake yameingia ndani. Amueni kabla ya kuanza, na uamuzi unaofanya kazi ni huu: hesabu uliotia mzizi ndani, uliokaa juu ya mstari uhesabiwe kwenye pande mbili tu, pande mbili nyingine uachwe. Vikundi visipokubaliana hapo, namba zao haziwezi kulinganishwa, na ugomvi wa ubaoni hautakuwa na mwisho.

Tepu ya mita 30 iwe ya nyuzi, yenye gurudumu lililo wazi. Iliyofungwa ndani ya kasha hujaa mchanga ikakwama, na ya chuma hukata vidole ikirudi kwa kasi. Angalia sifuri yake iko wapi: nyingine inaanzia ncha ya pete, nyingine sentimita kadhaa ndani. Kwa urefu wa mti hakuna haja ya chombo cha kununua. Kunja karatasi ya mraba kona kwa kona, mtoto atazame kupitia upande mrefu huku upande wa chini ukiwa sambamba na ardhi, arudi nyuma mpaka aone kilele. Umbali wake hadi mti, ukijumlishwa na kimo cha jicho lake, ndio urefu wa mti. Kimo cha jicho ndicho kinachosahaulika. Kwenye mteremko njia hii inadanganya.

Kipima mvua na kipimajoto

Kipima mvua cha plastiki chenye kuta zilizonyooka ndicho kifaa kinachodumu mwaka mzima kwenye ratiba, na kwa hilo kinastahili nafasi ya kwanza baada ya lenzi. Kukisoma huchukua dakika moja. Kukiweka mahali pake ndiko kazi. Kikae mbali na ukuta au mti kwa angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho: ukuta wa mita 3, kipimo kiwe mita 6 kutoka hapo. Shule nyingi hukifunga kwenye nguzo ya varanda, paa likakinga nusu ya mvua, kisha wanashangaa mtaa wa pili umepata mara mbili yao. Kisomwe kila siku saa ile ile asubuhi, jicho likiwa sawa na uso wa maji, na namba isomwe pale uso huo ulipopinda chini kabisa. Wikendi isiyosomwa iandikwe kuwa jumla ya siku tatu. Isigawanywe kwa tatu.

Wanaotengeneza kwa chupa iliyokatwa husahau kwamba chini ya chupa hapajanyooka. Jaza kokoto, mimina maji mpaka yafike sehemu iliyonyooka, chora mstari wa sifuri hapo. Shingo iliyokatwa ipinduliwe iwe faneli, ili maji yasikauke upesi. Faida ya kipimo hiki kwa hesabu ni kubwa: milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Darasa la tano likipima paa la shule kwa tepu, linaweza kusema asubuhi hiyo hiyo lita ngapi zimepita juu ya vichwa vyao.

Kipimajoto cha kulenga, kile chenye umbo la bastola na nukta nyekundu, kinapendwa kupita kiasi na kinaeleweka kidogo. Kinapima uso wa kitu. Hewa hakipimi, na nukta nyekundu haipimi chochote. Inaonyesha tu upande uliolenga. Kwenye kasha tafuta uwiano, mara nyingi 12:1: ukisimama sentimita 120 kutoka ukutani, unapima wastani wa duara la sentimita 10. Mtoto akilenga jani akiwa mbali, amepima jani na ukuta ulio nyuma yake kwa pamoja. Bati linalong'aa humrudishia joto la vitu vingine, hivyo namba yake ni ya kutupa; bandika kipande cha tepu nyeusi juu ya bati, ngoja dakika chache, pima tepu. Nukta nyekundu izibwe kwa plasta kabla kifaa hakijafika mikononi mwa watoto, kwa sababu wataelekezana machoni. Kikitumiwa hivi, somo la lami, mchanga, nyasi na kivuli cha mti mmoja kwa saa moja linatosha kuwafanya watoto waanze wenyewe kuuliza uwanja wao ulipandwa wapi miti na kwa nini.

Foldscope, kwa tahadhari

Hadubini hii ya karatasi ilibuniwa na Manu Prakash na Jim Cybulski katika Chuo Kikuu cha Stanford, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 2014. Inakuza mara 140 na haipati uzito wa bahasha iliyojaa. Karatasi yake haiogopi maji. Kwa umri wa miaka 10 na zaidi ni chombo cha ajabu. Chini ya hapo ni chanzo cha machozi: kuikunja kunakula kipindi kizima, na kuitazamia kunahitaji kuleta jicho karibu kabisa, kutuliza mikono yote miwili na kusogeza karatasi kwa vidole gumba kidogo kidogo. Kikikosewa kidogo tu, picha inapotea. Ikunjwe na watu wazima siku moja kabla, itumiwe darasani baada ya matembezi, na sumaku zake ziiunganishe na kamera ya simu ili kikundi kizima kione kwa pamoja. Mwanga utoke tochi ya simu au anga, jua kamwe.

Programu za simu

Seek, programu inayotambua mimea na wanyama kwa kamera, iliyotengenezwa na watu wa iNaturalist, mtandao ambako watu hutuma picha za viumbe, ndiyo tunayoipa ruhusa, kwa sababu mbili. Haidai akaunti, tofauti na iNaturalist yenyewe ambayo haikusudiwi watoto wa chini ya miaka 13 kujisajili wenyewe. Pia ni mnyoofu pale isipojua: vinukta vilivyo juu ya kioo hujaa kimoja kimoja, kutoka ufalme hadi spishi, na ikikosa uhakika husimama kwenye familia au jenasi. Kasoro yake inatokana na picha ilizofundishwa nazo. Sehemu ambako watu wachache wametuma picha, itatoa jina la kiumbe wa mbali anayefanana na huyo uliyemwona, na itatoa kwa uso mkavu.

Lakini kosa kubwa ni la mpangilio wa somo. Mtoto akiielekeza simu kwanza, anapata jina na anaondoka. Mmea wenyewe hajauona. Geuza utaratibu: kwanza mchoro, vipimo vitatu na swali moja kwenye karatasi, ndipo simu. Simu moja ya mwalimu inatosha darasa zima. Merlin, ya Maabara ya Ndege ya Cornell, inatambua sauti za ndege na hufanya kazi bila intaneti ukishapakua kifurushi cha eneo lako, ila watoto 36 hawanyamazi kwa muda inaouhitaji. Itumie na kikundi kimoja, asubuhi na mapema.

GLOBE, mpango wa kimataifa wa shule kupima mazingira yao, ni wa aina nyingine. Ulitangazwa mwaka 1994, ukaanza kazi 1995, na unaendeshwa kwa udhamini wa NASA: shule hupima hali ya hewa, maji, udongo na mimea kwa kanuni moja, kisha hutuma namba. Ugumu wake ni mafunzo ambayo mwalimu lazima ayamalize kabla ya kuingiza vipimo. Usiahidi darasa kitu mpaka uyamalize. Njia nyepesi ya kuingilia ni mawingu, kupitia programu ya GLOBE Observer. Unapiga picha pande nne za dira, juu na chini, unakadiria sehemu ya anga iliyofunikwa, na anga yako inaweza kulinganishwa na ilivyoonekana kutoka setilaiti.

Kukadiria ndiko kunakowashinda watoto na wakubwa pia. Wengi huona mawingu mengi kuliko yaliyopo. Dawa yake ni karatasi mbili za ukubwa mmoja, ya bluu na nyeupe. Kata nyeupe vipande 10 vilivyo sawa, chukua vitatu, vichane vipande vidogo, vitawanye juu ya bluu na uvibandike. Uliza darasa ni asilimia ngapi. Wachache watasema 30. Rudia kwa kipande kimoja, kisha kwa saba, halafu ndipo mtoke nje kutazama anga.

Mtaa nao uingie begini

Upande wa jamii hauna kifaa cha kununua isipokuwa ramani na kinasa sauti, na vyote viwili vinapatikana bila malipo. Ramani ichapwe kutoka OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa 2004, kwa kipimo cha 1:1000: sentimita 1 ni mita 10, na karatasi ya A4 inabeba takriban mita 297 kwa 210, eneo linalotosha matembezi ya darasa. Mashine ya kuchapa hupunguza ukurasa yenyewe ikiachwa na mpangilio wa "jaza ukurasa". Weka asilimia 100, kisha pima mstari wa kipimo kwa rula kabla ya kurudufu nakala. Watoto waongeze kile ambacho ramani haina: bomba linalovuja, benchi, kivuli, mahali pa kuvuka barabara panapowatisha. Watumie penseli, kwani peni hukataa kwenye karatasi yenye unyevu.

Mahojiano na fundi, muuguzi au mkazi wa siku nyingi huharibiwa na maswali kuliko na sauti. "Zamani maisha yalikuwaje?" hujibiwa "Yalikuwa mazuri," na kimya. "Ulipokuwa na umri wangu, hapa tulipokaa palikuwa na nini?" hutoa robo saa. Kila kikundi kiandike maswali matano, kifute yote yanayojibika kwa ndiyo au hapana, na mmoja wao apewe kazi moja tu ya kusema "hapo tafadhali fafanua". Simu iwe kwenye hali ya ndege ili isiite katikati, ilazwe juu ya kitambaa umbali wa sentimita 30 kutoka kwa msemaji, mbali na upepo na feni. Nasa sekunde 10 za majaribio na uzisikilize. Ridhaa ya msemaji iombwe kabla, kisha irudiwe ikiwa inanaswa, pamoja na maelezo ya wapi sauti itatumika. Darasa lisijaribu kuandika mazungumzo yote. Kila kikundi kichague dakika 2 na kuziandika neno kwa neno, na msemaji apelekewe nakala azisome kabla hazijabandikwa ukutani.

Kwa usalama, mwalimu aipite njia yote siku moja kabla, saa ile ile, kwa kuwa barabara ya saa mbili asubuhi si ile ya saa tano. Kwa watoto wa chini ya miaka 8 tungetaka mtu mzima mmoja kwa watoto 6. Kwa wakubwa zaidi, mmoja kwa 10. Wahesabiwe kila kituo, wawiliwawili, kila mtoto akimtaja mwenzake badala ya mwalimu kunyoosha kidole juu ya vichwa vinavyosogea.

Mkirudi, kamba na shuka vianikwe, tepu ivutwe yote na kufutwa wakati wa kuirudisha, vichupa vioshwe na kukaushwa vikiwa wazi. Kichupa kilichofungwa na unyevu ndani huota ukungu ndani ya wiki, na ndicho kitakachokabidhiwa kikundi cha kwanza safari ijayo.